Nina mabinti 11, tisa ni wa mpira wa pete, na msimu wa kikapu umebaki wiki 8 (Tanga)

Madam_Kikapu (mleta uzi)

Wakuu, za jioni.

Mimi ni mkufunzi kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini. Msiniulize chuo gani, mshahara bado nauhitaji. Mwaka jana nilikabidhiwa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu kwa sababu kuna mtu ofisini alikumbuka kwamba niliwahi kucheza. Ni kweli nilicheza, nilikuwa gadi mfupi mwenye mdomo mrefu, lakini kucheza na kufundisha ni vitu viwili. Tukaenda kwenye mashindano na timu iliyofanya mazoezi siku tisa. Mechi ya kwanza tukafungwa 58 kwa 11. Katika hizo 11, sita ni mitupo ya adhabu, maana wapinzani walishachoka wakawa wanatuparamia tu.

Mwaka huu nimeapa sirudii aibu ile. Nimeanza mapema.

Nina mabinti 11. Wawili walicheza kikapu sekondari. Tisa waliobaki ni wa pete, na si pete ya kubabaisha, wamo waliofika UMISSETA ngazi ya mkoa. Wana pumzi, wana nidhamu, mpira wanaudaka hata ukiwarushia nyuma ya kisogo. Tatizo ni kwamba walichofundishwa kwa miaka sita kinagombana na kila ninachowaambia.

Siku ya kwanza nampa pasi binti aliyekuwa GA (mfungaji msaidizi) kwenye pete. Anadaka hewani vizuri kabisa, anatua kwa mguu mmoja, anaganda. Namwambia dunda! Ananitazama kama nimemwambia aingie msikitini na viatu. Akienda kukaba anasimama mbali, mikono juu, kwa sababu kwenye pete ukimsogelea mwenye mpira chini ya sentimita 90 filimbi inalia. Kwenye kikapu umbali huo ni sawa na kumwambia mgeni karibu ndani. Na wageni wanakaribia kweli.

Halafu yuko mmoja, tumwite GK (mlinda goli), maana ndiyo nafasi yake kwenye pete tangu kidato cha kwanza. Ndiye mrefu kuliko wote, anaruka, ana mikono ya kudaka popo. Nikamwambia wewe utakaa chini ya ubao. Akauliza, "Madam, kwani na mimi nafunga?" Nikasema ndiyo, huku kila mtu anafunga. Akacheka, akadhani namtania. Miaka sita anacheza mpira na hajawahi kuruhusiwa kurusha golini hata mara moja, kwa sababu kwenye pete wanaofunga ni GS (mfungaji mkuu) na GA basi.

Uwanja tunao mmoja wa saruji. Umechorwa mistari ya pete, ya wavu na ya kikapu, yote juu kwa juu, ukiutazama toka ghorofani utadhani kanga imeanikwa. Ringi moja imeinama, nyavu hakuna. Mipira mitano, miwili imekuwa laini kama embe dodo. Na kuanzia saa 10 alasiri wavulana wameuhodhi.

Maswali yangu: wiki 8 zinatosha? Nianze na nini? Niwafute pete kichwani kwanza au kuna njia nyingine?

Naomba kuwasilisha.

Mgosi_wa_Duga

Siti ya mbele, kahawa na kashata mkononi.

Madam, 58 kwa 11 siyo mechi hiyo, ni mchango wa harusi. Natania, usinune. Ushauri wangu: wapeleke Raskazone wakimbie mchangani. Pumzi kwanza, mengine baadaye.

Jembe_la_Upanga

Kumbe Tanga nako kuna kikapu? Nilidhani kwenu ni Coastal, African Sports na baiskeli. Huku Dar ligi ya mkoa inakimbiza, akina dada wa Vijana Queens na JKT Stars hawacheki na mtu.

Ushauri mfupi: tafuta warefu. Kikapu ni urefu. Hasheem Thabeet aligusa mpira huo akiwa na miaka 15 hivi, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye NBA na Memphis Grizzlies. Kwa hiyo kuchelewa kuanza siyo tatizo.

Mgosi_wa_Duga

Mkuu, yule ana futi 7 na inchi 3. Hata angeanza baada ya kustaafu wangemchagua.

Madam_Kikapu

@Jembe warefu nawatoa wapi, niwamwagie mbolea? Ninao nilio nao. Na huyo Thabeet kabla ya NBA alinolewa misimu mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut. Mimi nina wiki nane na ringi iliyoinama.

GS_Mstaafu

Madam, usifute kitu.

Nimecheza pete miaka kumi na kikapu minne, najua maumivu unayoyasema, ila umekishika kisu upande wa makali. Hiyo michezo miwili ni mtu na mzazi wake. Kikapu kilianzishwa na James Naismith mwaka 1891 kule Springfield, Massachusetts. Mwaka uliofuata mwalimu wa kike aliyekuwa jirani, Senda Berenson wa Chuo cha Smith, akauchukua mchezo kwa ajili ya wasichana wake na kuubadili sheria. Akagawa uwanja sehemu tatu, kila mchezaji abaki sehemu yake. Marufuku kumpora mwenzio mpira mkononi. Marufuku kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Kudunda mwisho mara tatu. Sasa niambie, hapo hujaiona pete? Miaka ile ile mchezo ukavuka bahari kwenda Uingereza, wasichana wa vyuo wakaendelea kuupunguza na kuuongeza, ukatoka huu tunaoucheza. Pete ni mtoto wa kikapu aliyelelewa kwa shangazi. Sasa amerudi nyumbani, usimchape kwa sababu ana adabu za kwa shangazi.

Mambo ya kuwaeleza wafungaji wako mapema: urefu wa ringi ni ule ule, mita 3.05, wasiogope. Ya kikapu ni pana zaidi, sentimita 45 kwa 38 za pete. Hiyo ni habari njema, wape. Habari mbaya ni mpira. Wa pete una gramu 400 hadi 450, wa kikapu wa wanawake, namba 6, una 510 hadi 550. Ndiyo maana siku za mwanzo mitupo yao inafia njiani. Siyo kwamba hawajui kulenga. Warushe kwa magoti, siyo kwa mikono mitupu. Na wafundishe kuupenda ubao. Mtu wa pete hajawahi kuwa na ubao, analenga tundu lenyewe. Akiwa pembeni mwambie asahau tundu, apige kile kiboksi kilichochorwa kwenye ubao.

Na kuhusu kudunda: usianze na kudunda. Anza na mechi isiyo na kudunda kabisa. Pasi tu, tano kwa tano, dakika kumi. Utanipa majibu.

Madam_Kikapu

Hii kesho asubuhi naifanya. Asante dada yangu.

Baba_Zuu

Nimepita kimya ila nina swali. Binti yangu yupo chuo, si lazima kiwe chako. Anapenda mchezo huu. Mimi sina shida na michezo, shida yangu ni mavazi. Ataambiwa avue mtandio?

Madam_Kikapu

Hapana baba, hilo lilishapita. Zamani sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zilikuwa zinakataza. Mwaka 2014 timu ya wanawake ya Qatar ilitoka uwanjani kwenye Michezo ya Asia kule Incheon kwa sababu waliambiwa wavue, wakasema basi hatuchezi. Kelele zikawa nyingi, na kuanzia Oktoba 1, 2017 FIBA ikaruhusu.

Masharti ni machache. Kiwe cheusi, cheupe au rangi ya jezi, na wote wanaovaa wawe na rangi moja. Kisifunike uso. Kisiwe na pini wala kifungo cha kufunga na kufungua usoni au shingoni, kwa usalama wao. Kwa hiyo mtandio ule wa kuzungushia na pini hapana, cha kuvuta kichwani kama soksi ndiyo. Kwangu wanaovaa ni saba. Tulinunua kitambaa cha kunyumbuka, fundi mmoja Ngamiani akatushonea vyote kwa mchana mmoja. Mikono mirefu na suruali ya kubana chini ya kaptula nayo inaruhusiwa, ila izingatie rangi.

Baba_Zuu

Nimekuelewa mwalimu. Mungu akuzidishie.

Bibi_Makorora

Hamjambo wanangu. Mjukuu ndiye kanisomea, kasema bibi huu uzi wako.

Sisi miaka ile shuleni hatukuulizwa unataka pete au kikapu. Wavulana walipewa kikapu, wasichana pete, kama mnavyogawa vyakula sinia la wanaume na sinia la wanawake. Nilikuja kukishika kikapu nikiwa kazini, nimeshazaa mara moja. Basi hilo la kukaba kwa mbali ninalijua, lilinitesa miezi.

Aliyenitibu ni mwanamama mmoja, alitufunga kanga. Chukua kanga, mwenye mpira aifunge kiunoni, ncha moja ining'inie. Anayekaba aishike ile ncha kwa mkono mmoja, asiiachie na asiivute. Mwenye mpira azunguke uwanja atakavyo. Akiachia kanga, amepoteza. Baada ya siku tatu miguu inajua yenyewe umbali wa kukaa, akili haihitajiki. Jaribu mwanangu. Kanga ya zamani, siyo mpya, itachanika.

Mgosi_wa_Duga

Bibi shikamoo! Hili nimelihifadhi.

Bibi_Makorora

Marahaba.

Fizio_wa_Ngamiani

Mleta uzi, wenzangu wamezungumzia mikono, mimi naomba nizungumzie magoti. Ndiyo kazi yangu, na wateja wangu wengi wa umri wa mabinti zako hawachezi tena mchezo wowote.

Umeandika jambo moja ukalipita kama si kitu: "anatua kwa mguu mmoja, anaganda". Hapo ndipo goti linapokatika. Kano ya mbele ya goti, ile inayoitwa ACL, mara nyingi haikatwi na mtu aliyekugonga. Mchezaji anaikata mwenyewe, anatua au anabadili mwelekeo ghafla, goti limenyooka na linaingia kwa ndani. Kwa wanawake hatari ni kubwa kuliko kwa wanaume wa mchezo ule ule, tafiti zinataja kati ya mara 2 na 8. Kuna maumbile, kuna homoni, lakini kilichopo mikononi mwako ni namna wanavyotua.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya leyapu (kurusha ukiwa mbioni karibu na ringi), kabla ya zoni (kukaba eneo badala ya mtu), kabla ya kitu chochote: wafundishe kutua kwa miguu miwili. Magoti yakunjwe, yaelekee kwenye vidole vya miguu, yasibusiane. Ukisikia mshindo wakitua, wamekosea. Watue kama paka. Kwenye kikapu kutua kwa miguu miwili kunakupa faida nyingine, unachagua mguu wowote wa kuzungukia.

Pia uwe na dakika 15 hadi 20 za kupasha misuli kila mazoezi, siyo zile za kuzunguka uwanja mara mbili huku watu wanapiga soga. Kukimbia, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua. FIFA walitoa programu yao ya namna hiyo mwaka 2006, inaitwa 11+, ni ya soka lakini magoti hayajui soka wala kikapu. Mara tatu kwa wiki, usikose.

@Mgosi mchanga wa Raskazone ni mzuri, ila maji yakitoka wakimbie kwenye mchanga mgumu, na waende na kurudi. Ufuko una mteremko, ukikimbia upande mmoja tu nyonga moja inaonewa.

Jembe_la_Upanga

Uzi umeanza kuwa darasa. Natia kambi.

Madam_Kikapu

TAARIFA, WIKI YA 2

Wakuu nimerudi. Nianze na mechi isiyo na kudunda.

@GS_Mstaafu nikuambie nini. Asubuhi ya kwanza niliwagawa, wale wawili wa kikapu kila mmoja timu yake. Dakika kumi zile mpira ulikuwa unaruka kama nyuki. Mabinti wa pete wanajua kutafuta nafasi bila mpira, jambo ambalo mimi nilijifunza kwa miaka mitatu na matusi ya kocha. Waliohangaika ni wale wawili wangu wa kikapu! Wakipata mpira wanataka kudunda, wakikumbuka marufuku wanabaki wameukumbatia kama kuku wa kununua. Mmoja aliniambia, "Madam hawa wananikimbiza." Nikamwambia ndiyo, na kesho watakukimbiza tena.

Siku ya nne nikaruhusu kudunda mara moja tu kila mtu akidaka. Wiki hii ni mara mbili. Unaona wenyewe wanavyoanza kuitumia kama chumvi, kidogo na mahali pake. Nadhani ningewaruhusu yote siku ya kwanza wangedunda hadi nje ya geti.

Kutua kwa miguu miwili ni mtihani. Mazoezini wanatua vizuri, mechi ikianza wanasahau. Nimeweka adhabu, anayetua kwa mguu mmoja anaimba. Tumesikia nyimbo nyingi.

Suala la uwanja. Nilienda kwa utaratibu, nikaandika barua, nikajibiwa kwamba "litafanyiwa kazi". Mnajua maana yake. Nikaacha kugombania alasiri, tukahamia saa 12 asubuhi. Jua la Tanga halijakasirika, wavulana wamelala, na mabinti hawalazimiki kukimbizana na magharibi. Wanaotoka mbali wanakuja na baiskeli gizagiza, wanaegesha zote kwenye ukuta, kwa kweli inapendeza kuliko gwaride.

Lakini nina jipya linanisumbua. Ikifika dakika ya arobaini wanne au watano wanazima. Kizunguzungu, midomo myeupe. Ni watu wanaokimbia vizuri kabisa dakika za mwanzo.

Fizio_wa_Ngamiani

Wamekula nini, na saa ngapi?

Madam_Kikapu

Asubuhi hawali. Jioni ugali maharage ya bwenini. Wakitoka mazoezini chai ya rangi na maandazi. Chai wanakunywa muda wote, hii ni Tanga.

Fizio_wa_Ngamiani

Wapeleke wakapime damu kabla hujawaita wavivu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake kama 45 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa timu ya watu 11 fanya hesabu. Mtu mwenye damu pungufu anaanza mechi kama wenzake, anaimaliza akiwa amebebwa.

Na chai ina kitu kinachozuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha yasiingie mwilini. Sisemi waache. Waitenganishe na chakula, saa nzima hivi kabla au baada. Kwenye chakula chenyewe wakamulie limau au wale embe, chungwa, hivyo vinasaidia chuma kuingia. Dagaa wapo, wa bei nafuu. Na kabla ya mazoezi ndizi moja, tende mbili tatu, chochote. Injini haiwaki kwa dua peke yake.

Bibi_Makorora

Kuwatenganisha watu wa Tanga na chai yao baada ya chakula! Mwanangu utawahamisha mji kwanza. Ila dagaa nimeunga mkono.

Mgosi_wa_Duga

Saa nzima baada ya kula bila chai? Fizio una roho ngumu.

Jembe_la_Upanga

Madam mbali na utani, umefikia wapi na sheria za muda? Timu ngeni nyingi nilizoziona hazifungwi na wapinzani, zinafungwa na saa. Sekunde 8 kuvuka nusu, sekunde 24 kurusha. Mtu wa pete ana sekunde 3 zake tu kichwani.

Madam_Kikapu

@Jembe leo umeongea kama mtu mzima. Sekunde 3 zile zimekuwa msaada, hawakai na mpira. Shida ni kinyume chake, wana haraka. Wanavuka ndani ya sekunde nne halafu anarusha wa kwanza aliyeuona ubao. Kwa hiyo walioko benchi wanahesabu kwa sauti kuanzia 24 kushuka, na nimekataza kurusha kabla ya 15 isipokuwa mtu yuko peke yake chini ya ringi. Saa hatuna, tuna sauti. Majirani wameshajua kuhesabu kinyumenyume.

Madam_Kikapu

TAARIFA, WIKI YA 5

Kwa kifupi, niko kwenye kusahihisha mitihani.

Wanne walikutwa na upungufu wa damu. Wamepewa vidonge vya madini ya chuma, na dagaa wameingia kwenye ratiba. Mmoja ameshaacha kuzima, wengine naambiwa tusubiri.

Kanga za bibi zimefanya kazi kupita kiasi. Sasa wanakaba hadi mtu anakosa pa kupumulia, na faulo zimefumuka. Nimelazimika kuwafundisha upya kwamba faulo ya tano unakwenda kukaa, na kwamba timu ikifikisha ya tano kwenye robo moja, kila faulo ya kukaba inampa mwenzio mitupo miwili. Walidhani kusogea ni kugusa. Bibi, ile kanga ina ncha ya pili? Tuitumie kuwarudisha nyuma.

Matroni wa bweni amelalamika. Niliwapa mpira mmoja mmoja wakadunde kwa mkono wa kushoto muda wao wa ziada, na muda wao wa ziada kumbe ni saa 4 usiku koridoni. Kesi imeisha kwa msamaha na keki ya mkate wa mchele.

GK amefunga mazoezini. Mara ya kwanza alitazama huku na huku kama aliyeiba. Sasa anafunga akiwa amesimama chini ya ubao, kiboksi, ndani. Akiwa na mpira mbali na ringi bado anatafuta wa kumpa.

GS_Mstaafu

Huyo mwache. Atafika.

Madam_Kikapu

TAARIFA, WIKI YA 7. KAENI CHINI

Jana tulicheza mechi ya kirafiki, kwetu, na wasichana wa chuo kingine cha mkoani. Ni timu iliyozoeana, ina kocha wa kweli na mipira inayodunda. Tumefungwa 33 kwa 31.

Ndiyo, nimefurahi na kipigo. Nilikuwa nimejiandaa kisaikolojia kwa 50.

Robo ya kwanza tulitetemeka, 12 kwa 4. Ya pili na ya tatu zile pasi zao za pete zikaanza kuwala watu. Kuna bao moja lilipita mikono mitano bila mpira kugusa chini hata mara moja, GS wangu akamalizia, na kocha wa wale akapiga makofi. Robo ya nne watu wangu wawili wakatoka kwa faulo tano. Bibi, ni kanga zako. Mitupo ya adhabu tulipata 6 kati ya 17, hilo ni la kwangu, nililipuuza, wiki iliyobaki kila mtu analala na mita 4.6 zake za mstari wa adhabu.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Zimebaki sekunde 9, wako mbele kwa pointi mbili, mpira wao. GK anachungulia pasi, anainyaka. Mbele yake hakuna mtu. Uwanja mtupu mpaka kwenye ringi. Anadunda moja, anadunda mbili, vizuri, kichwa juu, benchi nzima imesimama, mimi nimeshapoteza kiatu kimoja. Dunda ya nne, anasimama. Miguu miwili, magoti yamekunjwa, ametua kama paka, Fizio ungelia kwa furaha. Ameushika mpira kifuani, anaangalia wa kumpa. Hakuna. Muda ukaisha.

Nikamfuata. Sikumgombeza, nilitaka tu kujua. Nikamwuliza mwanangu, ulisimama kwa nini? Akaangalia chini, akanionyesha kwa kidole cha mguu.

"Madam, mstari."

Alikuwa amesimama juu ya mstari wa pete. Ule wa theluthi ya kwanza, ambao GK haruhusiwi kuuvuka. Mazoezini anauvuka kila siku wala hauoni. Mechi ilipombana, miguu ikarudi kidato cha pili.

Mgosi_wa_Duga

Duh. Duuuh.

Jembe_la_Upanga

Nimecheka halafu nimesikitika halafu nimecheka tena. Madam, timu iliyofungwa 58 kwa 11 leo kufungwa 33 kwa 31 tu bila warefu wapya, nafuta maneno yangu ya mwanzo. Siyo yote, warefu bado ni wazuri.

Baba_Zuu

Mwambieni huyo binti asihuzunike. Kutii mstari siyo kosa.

Fizio_wa_Ngamiani

Ametua miguu miwili akiwa kwenye kasi kamili, na mechi imemkaba koo. Mimi hilo ndilo nililolisoma mara mbili.

Madam_Kikapu

Nimewaza usiku kucha. Nataka niende na ndoo ya rangi ya kijivu, niifute mistari yote ya pete.

GS_Mstaafu

Nilikwambia nini siku ya kwanza? Usifute. Kwanza timu ya pete ya chuo chenu nayo inautumia uwanja huo, wenzio watakufuta wewe. Ya kikapu ndiyo uipake upya, rangi moja inayopiga kelele, machungwa au njano, nene. Uwaambie mabinti, ukiwa na jezi hii, ni rangi hii tu ndiyo inayokuhusu. Nyeupe ni za dada zenu.

Bibi_Makorora

Huyo kasema. Na GK apewe brashi, apake ule wa katikati yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Mgosi_wa_Duga

Rangi ya machungwa ninayo, kopo zima na nusu, ilibaki nilipopaka mashua ya shemeji. Ya mafuta, inashika saruji. Nailetea wapi?

Madam_Kikapu

Jumamosi saa 12 asubuhi, hapo hapo uwanjani. Ingia piemu nikuelekeze. Brashi ninazo tatu, chaki na kamba za kupimia mita 28 kwa 15 ninazo. Atakayekuja mwingine aje na ufagio.

Mgosi_wa_Duga

Nipo. Chai itakuwepo?

Madam_Kikapu

Itakuwepo. Saa nzima baada ya maandazi.